Hamira Mwilini: Historia ya Fangasi Wanaomvizia Mama Mwenye Saratani

SEHEMU YA 1



Tangu niandike kuhusu saratani ya mlango wa kizazi, swali linalorudi kuliko yote ni hili: "Nesi, fangasi wasiopona wanaweza kuleta saratani?" Jibu fupi ni hapana. Saratani ya mlango wa kizazi inaletwa na kirusi kinachoitwa HPV. Mjerumani Harald zur Hausen na wenzake walitangaza mwaka 1983 kwamba wamekikuta kirusi hicho, aina namba 16, ndani ya uvimbe wa saratani, na mwaka 2008 akapewa Tuzo ya Nobel. Ndiyo sababu mabinti zetu Tanzania wanachanjwa tangu 2018. Fangasi hawamo kwenye kesi hiyo.

Ila swali lenyewe ukiligeuza, jibu linabadilika. Je, saratani na matibabu yake yanaweza kumletea mama fangasi? Ndiyo. Na wakati mwingine wanakuja fangasi wageni, wale ambao kidonge cha duka la dawa hakiwagusi. Hao ndio ninaotaka kuwaeleza leo, na siwezi kuwaeleza bila kurudi nyuma, kwa sababu wagumu hawa hawakuibuka tu. Kila hatua ya kuwasogeza karibu na kitanda cha mgonjwa ilitokana na ugunduzi mzuri, tena ulioponya watu wengi. Post ni ndefu, nimeikata vipande. Weka chai pembeni.

Kwanza tuelewane maneno. Ukoo wa fangasi ni mkubwa: uyoga yumo, ukungu wa mkate uliolala yumo, na hamira unayotia kwenye unga wa maandazi yumo pia. Hamira ni kiumbe hai, ndiyo maana ukimpa sukari na uvuguvugu anafanya kazi. Wale wanaoleta muwasho ukeni na utando mweupe mdomoni kwa mtoto wako upande wa hamira. Ni vijidude vya duara, havionekani kwa macho, vinazaliana kwa kuchipua: kimoja kinatoa kijichipukizi ubavuni, kijichipukizi kinakua, kinajitenga. Wengi wetu tunao mwilini, kwenye utumbo, mdomoni, ukeni, wakiishi kwa adabu kwa sababu bakteria wazuri na kinga ya mwili vinawabana. Kuwa nao si uchafu, na si uzinzi. Hilo naliandika kwa herufi za kawaida lakini lisomeni kama kubwa, maana najua ndoa zilizotikisika kwa sababu ya neno fangasi.

SEHEMU YA 2

Utando mweupe wa mdomoni ni ugonjwa wa zamani sana. Mgiriki Hippocrates, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, tayari ameandika vidonda vyeupe vya mdomoni kwa watu waliodhoofika. Shikeni hilo neno, waliodhoofika, tutalirudia.

Kwa karne nyingi hakuna aliyejua ni kitu hai. Wengine walilaumu maziwa ya mama (mama ndiye wa kwanza kulaumiwa siku zote, hata Ulaya ya kale). Mwaka 1839 daktari Mjerumani Langenbeck aliona fangasi mdomoni mwa mgonjwa wa homa ya matumbo, akadhani ndiye aliyeleta homa hiyo. Alikosea kuhusu homa, ila macho yake hayakumdanganya: fangasi alikuwepo, amejipenyeza kwa mtu ambaye tayari anaumwa kitu kingine. Miaka michache baadaye David Gruby kule Paris na Fredrik Berg kule Stockholm wakaeleza kwamba utando wa watoto wachanga umejaa fangasi. Mwaka 1849 Wilkinson, London, akaeleza fangasi wa ukeni. Na mwaka 1875 Mjerumani mwingine, Haussmann, akaonyesha kwamba fangasi wa ukeni mwa mama na yule wa mdomoni mwa mtoto ni mmoja. Mtoto anaweza kumpata akiwa anapita njiani kuzaliwa.

Kwa hiyo mama kijacho, ukisikia muwasho na uchafu kama maziwa yaliyoganda, waambie kliniki kabla ya kujifungua. Na mnaambiwa mtumie dawa ya kuweka ukeni, si kidonge cha kumeza, kwa kuwa kidonge kile kina tahadhari zake kwa mimba changa. Narudi kwenye historia.

SEHEMU YA 3

Jina tunalotumia leo, Candida, lilitolewa mwaka 1923 na mwanamke Mholanzi, Christine Berkhout, kwenye kitabu chake cha shahada ya udaktari wa sayansi. Ni Kilatini, maana yake nyeupe. Yule wa kawaida kabisa anaitwa Candida albicans, na albicans nayo maana yake ni inayokuwa nyeupe. Yaani "nyeupe inayokuwa nyeupe". Wataalamu nao wana mambo yao.

Albicans ndiye anayesababisha fangasi wengi wa ukeni. Lakini ana ndugu, na ndugu hao ndio "wasio wa kawaida" tunaowatafuta. Mmoja alielezwa mwaka 1910 na daktari Mtaliano, Aldo Castellani. Huyu bwana alishafika kwetu. Mwaka 1902 alikuwa Entebbe, Uganda, kwenye tume ya Waingereza iliyotumwa kuchunguza ugonjwa wa malale, na huko ndiko alikoona vimelea vya malale kwenye maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa. Kutoka hapo akaenda Ceylon, nchi tunayoiita leo Sri Lanka, akaendelea kuwinda fangasi. Ndugu aliyemweleza anajulikana kama Candida krusei.

Sasa krusei si mgeni hata nyumbani kwetu. Watafiti waliochunguza togwa ya Tanzania, ile ya unga na kimea, walimkuta humo pamoja na hamira ya kawaida, wakisaidiana na bakteria wa uchachu kuitengeneza. Tafadhali msitoke hapa mkamwage togwa. Kwa mtu mwenye afya yake krusei anapita tumboni bila habari. Nataka mwone tu kwamba "fangasi adimu" haina maana ya dudu lililotoka sayari nyingine. Adimu ni kumkuta kwenye damu ya mtu. Jikoni yupo siku zote.

Mwingine ni Candida glabrata, aliyeelezwa mwaka 1917. Glabrata ni laini, isiyo na nywele. Albicans akipata nafasi anatoa nyuzi ndefu zinazochimba kwenye ngozi laini, huyu hatoi, anabaki viduara tu. Ndiyo maana wakati mwingine ukeni anakuwepo bila ule muwasho mkali, na anakawia kutambuliwa.

SEHEMU YA 4

Hapa ndipo ninapopapenda. Historia hii ina wanawake wawili ambao kila mama aliyewahi kumdondoshea mtoto wake matone ya njano ya Nystatin mdomoni anapaswa kuwajua.

Miaka ya 1940 antibiotiki ziliingia kwa kishindo. Penicillin, halafu streptomycin na nyingine. Watu waliokuwa wanakufa kwa nimonia na vidonda vilivyooza wakawa wanapona. Lakini madaktari wakaanza kuona kitu: mgonjwa anapona bakteria, anaota utando mweupe kooni. Antibiotiki ziliua hata wale bakteria wazuri waliokuwa wanambana fangasi, na fangasi mwenyewe hazikumgusa. Wakati huo dawa ya kumpaka ilikuwa kama ile GV ya zambarau (bibi zetu wanaijua, mtoto anatoka kliniki mdomo kama amekula zambarau kilo nzima). Kwa fangasi aliyeingia ndani ya mwili, hapakuwa na dawa ya kutegemea.

Elizabeth Lee Hazen alizaliwa mwaka 1885 jimbo la Mississippi, Marekani, akafiwa na wazazi wote akiwa mtoto mdogo, akalelewa na ndugu. Rachel Fuller Brown alizaliwa 1898, baba akaondoka nyumbani, mama akabeba familia, na ada ya chuo ililipwa na bibi tajiri, rafiki wa familia. Wote wawili waliajiriwa na Idara ya Afya ya jimbo la New York. Hazen alikuwa mtaalamu wa vijidude, maabara yake iko jijini New York. Brown alikuwa mkemia, yeye yuko Albany, zaidi ya kilomita 200 kutoka hapo.

Mwaka 1948 wakaanza kazi ambayo ukiisikia unaweza kucheka. Hazen alikusanya udongo. Udongo wa shambani, wa bustani, wa popote. Antibiotiki nyingi zilikuwa zimetoka kwa vijidude vya udongoni, basi yeye akatafuta humo kitu cha kuua fangasi. Alivikuza vijidude vya kila udongo, akavijaribu dhidi ya fangasi wawili wabaya, albicans akiwa mmojawapo. Kikionyesha dalili, anakitia kwenye chupa ya kioo ya kusindikia matunda, anakituma kwa posta Albany. Brown anakichambua, anatenga kiini kinachofanya kazi, anakirudisha kwa posta. Hazen anakijaribu tena, safari hii kwa panya. Mara nyingi kilichoua fangasi kiliua na panya. Wanaanza upya. Hakuna intaneti, hakuna simu ya mkononi, ni posta na chupa za jamu.

Udongo uliojibu ulitoka shamba la ng'ombe wa maziwa huko Virginia, mali ya marafiki zake Hazen, ukoo wa Nourse. Kijidude wakakiita Streptomyces noursei kuwaenzi. Dawa wakaitangaza mwaka 1950, na jina Nystatin limetoka kwenye maneno ya Kiingereza ya jimbo la New York. Kwa hiyo ukisoma kichupa kile, unasoma jina la serikali ya jimbo iliyolipa mishahara ya hao dada wawili.

Pesa je? Dawa ilipouzwa, malipo ya hakimiliki yakafika zaidi ya dola milioni 13. Hawakuchukua. Zote zilikwenda kugharamia utafiti na masomo ya watu wengine. Waliendelea kuishi kwa mishahara yao. Tena dawa yenyewe, mwaka 1966 mafuriko yalipoingia Florence kule Italia, ilitumika kuzuia ukungu usile michoro ya kale iliyolowa maji. Hilo halina uhusiano na uzazi, nimeliweka kwa sababu linanifurahisha.

Sasa kuna kitu kimoja kuhusu Nystatin ambacho ni muhimu kwa habari yetu: haipiti kwenye utumbo kuingia kwenye damu. Inafanya kazi pale inapogusa. Mdomoni sawa, ukeni sawa, kwenye ngozi sawa. Fangasi akishaingia kwenye mzunguko wa damu, haimfikii. Ya damu ilipatikana miaka hiyo hiyo ya 1950, nayo kutoka kwenye udongo, wa karibu na mto Orinoco huko Venezuela. Inaitwa amphotericin B. Ni dawa nzito, ya dripu. Manesi tunaiheshimu: mgonjwa anaweza kutetemeka kitanda kikalia, homa inapanda, na figo lazima zipimwe mara kwa mara. Ila imeokoa watu, na hadi leo iko kazini.

SEHEMU YA 5

Tuje kwenye saratani.

Mwaka 1965 Barnett Rosenberg, kwenye chuo kikuu cha jimbo la Michigan, alikuwa anapitisha umeme kwenye maji yenye bakteria aone itakuwaje. Bakteria wakaacha kugawanyika. Haukuwa umeme: vipande vya platini alivyotumia kupitishia umeme viliachia kemikali, na hiyo ndiyo iliyowazuia. Kemikali hiyo ikawa dawa, cisplatin. Mwaka 1978 Marekani ikairuhusu kwa saratani ya ovari, yaani ya mfuko wa mayai, na ile ya korodani. Mwaka 1999 Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ikawatangazia madaktari kwamba mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi anayehitaji mionzi apewe na cisplatin pamoja, kwa sababu tafiti tano zilionyesha vifo vinapungua kati ya asilimia 30 na 50. Mama anayekwenda Ocean Road leo, lile jengo la Wajerumani pale ufukweni Dar es Salaam, akipewa mionzi na dripu kwa pamoja, anapewa matunda ya habari hiyo.

Dawa hizi zinashambulia seli zinazogawanyika haraka. Saratani inagawanyika haraka. Lakini hata nywele, ngozi laini ya mdomo na utumbo, na kiwanda cha damu kwenye uboho wa mifupa vinagawanyika haraka. Kwa hiyo baada ya dripu, mara nyingi kati ya siku ya 7 na ya 14, seli nyeupe za damu zinashuka. Hao ndio askari wetu. Ukuta wa utumbo nao umechubuka. Mgonjwa ana mrija kwenye mshipa. Kapewa antibiotiki kwa sababu ya homa. Kapewa dexamethasone kuzuia kutapika, na hiyo nayo inapunguza kinga na kupandisha sukari. Mama wa saratani ya ovari pengine amefanyiwa upasuaji mkubwa wa tumbo, utumbo umeguswa. Mnaona? Kila kimoja kina sababu yake nzuri, na kila kimoja kinafungua mlango kwa fangasi aliyekuwa anaishi kwa adabu. Ni wale waliodhoofika wa Hippocrates, isipokuwa safari hii udhaifu unatokana na dawa inayowaponya.

Nisiwatishe. Wanawake wenye saratani za uzazi wanaopata fangasi kwenye damu ni wachache, hatari ni kubwa zaidi kwa wenye saratani ya damu. Lakini akishaingia kwenye damu anaua, hata kwenye hospitali zenye kila kifaa. Ndiyo maana mgonjwa wa kemo akipata joto la 38 au zaidi hatupimi subira, anakuja siku hiyo hiyo. Si kesho asubuhi, si baada ya Panadol. Familia nyingi zinampa Panadol joto linashuka, zinashukuru Mungu, zinalala. Joto limeshuka ila kilichomo kwenye damu hakijaondoka. Nunueni kipimajoto, muweke pale mnapoweka funguo.

SEHEMU YA 6

Miaka ya 1980 kikundi cha Ken Richardson kwenye kampuni ya Pfizer, mji wa Sandwich, Uingereza, kikatengeneza fluconazole. Jamani, hii ilikuwa neema. Inamezwa, inaingia kwenye damu, haitetemeshi mtu. Marekani iliiruhusu mwaka 1990. Wagonjwa wa UKIMWI waliokuwa hawawezi kumeza chakula kwa utando wa kooni wakaanza kula. Ndiyo hii mnayoijua kama kidonge kimoja cha fangasi.

Mahospitali makubwa yakawaza: kama ni salama hivi, kwa nini tusiwape wagonjwa kabla hawajaugua? Wakaanza kuwapa waliokuwa wanabadilishiwa uboho. Albicans akapungua kweli. Halafu mwaka 1991 madaktari wa Johns Hopkins, Baltimore, wakatoa taarifa iliyowashtua wenzao: wagonjwa waliopewa fluconazole ya kinga walikuwa wanapata krusei mara saba zaidi ya ambao hawakupewa. Krusei, yule yule wa Castellani, yule wa togwa. Fluconazole haimwezi kwa asili yake, hakuhitaji kuizoea. Albicans alipoondolewa, nafasi ikawa wazi, naye akakaa. Glabrata naye akaanza kuonekana zaidi sehemu nyingi, yeye anaistahimili dawa hiyo, hasa ikitumiwa mara kwa mara kwa dozi ndogondogo.

Hao walikuwa wagonjwa wa uboho na si wa mlango wa kizazi, sitaki mchanganye. Lakini jinsi mambo yalivyokwenda ni ile ile ninayoiona mtaani kwetu kwa namna nyingine. Mama anawashwa, anakwenda duka la dawa, anapewa kidonge. Anapata nafuu. Mwezi ujao tena. Mwezi wa tatu anaongezewa tyubu ya kupaka. Mwezi wa tano shoga yake anamwambia kuna majani. Hakuna aliyewahi kuchukua ute akauweka chini ya hadubini. Huenda ni glabrata ambaye kidonge kile hakimtoshi. Huenda sukari yake iko juu. Huenda si fangasi kabisa bali bakteria.

Na huenda ni kile ambacho kinaniuma zaidi. Uchafu wa fangasi kwa kawaida hauna harufu kali. Uchafu wa majimaji unaonuka, wenye damudamu, damu baada ya tendo la ndoa, damu kwa mama aliyekwisha koma hedhi, hayo si ya duka la dawa. Wapo akina mama wanaofika hospitali na saratani iliyokwisha kusambaa, ukiwauliza historia wanakwambia, "Nilikuwa natibu fangasi." Mwaka mzima. Mwingine miaka miwili. Kumwingizia mama kifaa na kuangalia mlango wa kizazi kwa siki ni dakika chache, na vituo vingi vya serikali wanafanya.

Hata aliyekwisha kutibiwa mionzi asirukie kidonge cha fangasi kila akiwashwa. Albicans anapenda uke wenye homoni ya estrojeni ya kutosha. Mionzi ya nyonga huwa inazima ovari, estrojeni inashuka, ngozi ya uke inakuwa nyembamba na kavu. Muwasho na kuungua kwa mama huyu mara nyingi kunatokana na ukavu huo, na dawa ya fangasi haiutibu. Kuna vilainishi na njia nyingine, amwambie daktari wake wa saratani bila aibu. Naye baba asimnunie.

SEHEMU YA 7

Mwaka 2001 Marekani iliruhusu dawa ya kwanza ya kundi jipya, caspofungin, ya dripu. Asili yake ni fangasi aliyepatikana karibu na mto Lozoya huko Hispania. Inamuweza krusei na glabrata wengi. Tukapumua.

Mwaka 2009 Wajapani wakaandika kuhusu fangasi ambaye hakuna aliyewahi kumpa jina, waliyemtoa sikioni mwa bibi wa miaka 70 mjini Tokyo. Wakamwita Candida auris, auris ni sikio kwa Kilatini. Sikioni hakuwa na ubaya mkubwa. Lakini miaka michache baadaye huyo auris akawa ameonekana kwenye damu za wagonjwa India, Afrika Kusini, Venezuela, Marekani. Mwaka 2019 watafiti wakaeleza wagonjwa wa Nairobi, Kenya, walioambukizwa hospitalini. Tofauti na ndugu zake, anatoka mgonjwa hadi mgonjwa: anakaa kwenye reli za kitanda, kwenye mashine ya presha, kwenye mikono yetu sisi manesi, siku nyingi. Wengi wao fluconazole haiwagusi, na baadhi ya dawa za kufutia sakafu hazimuui, wanataka ya klorini. Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani likatoa kwa mara ya kwanza orodha ya fangasi hatari, na auris kawekwa daraja la juu kabisa pamoja na albicans. Basi mkija kumwona mgonjwa wa kemo mkaambiwa nawa mikono, mtoto abaki nje, usikalie kitanda, nesi hana roho mbaya.

Wapo adimu zaidi ya hao. Kuna Rhodotorula, fangasi wa rangi ya waridi anayependa mabafu yenye unyevu, ambaye kwa mgonjwa mwenye mrija mshipani anaweza kuingia kwenye damu, na fluconazole na caspofungin zote hazimfai. Na kuna hamira yenyewe. Kuna dawa za kuharisha zenye hamira hai ya jamii ya boulardii, za pakiti au kapsuli. Kwa mtoto mwenye afya ni nzuri. Lakini zimepatikana kesi za hamira hiyo kuota kwenye damu ya wagonjwa mahututi na wenye mrija kwenye mshipa mkubwa, na nchi za Ulaya zikaweka onyo la kutowapa. Hata kufungua pakiti karibu na mrija kunatosha, vumbi lake linashika mikononi. Kwa hiyo mama wa kemo akiharisha, msimletee pakiti kutoka nyumbani kabla ya kuuliza wodini. Huo ndio ushauri ninaourudia zaidi na unaoshangaza watu zaidi.

Mwisho, jambo dogo la karatasi. Maabara ikitaka kumjua albicans, njia rahisi ya siku nyingi ni kumweka kwenye serumu ya damu yenye joto la mwili. Ndani ya saa mbili tatu albicans anaota kimkia, na wengi wa ndugu zake hawaoti. Ni kipimo cha bei ndogo. Kwa hiyo fangasi wakikurudia mara ya nne ndani ya mwaka, uliza neno moja: "Mnaweza kuotesha?" Na majibu yakija msishangae majina, kwa sababu wataalamu wameyabadilisha tena. Krusei siku hizi anaandikwa Pichia kudriavzevii, na glabrata ni Nakaseomyces glabratus. Ni wale wale.

Maswali yaacheni hapo chini. Ya siri njooni inbox, nikitoka zamu ya usiku nitajibu.